Tochi ya mwanga mkali haiwaki kila ninapoibonyeza: ubovu uko kwenye betri, swichi au kichwani?

NahodhaWaShela:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa vifaa vya umeme, kwa sababu jambo hili limenisumbua zaidi ya mwezi mmoja, na sitaki kununua tochi nyingine kabla sijajua ni kitu gani kilichoharibika katika hii.

Tochi yenyewe ni ya aluminiamu nyeusi, na inatumia betri moja ya lithiamu ya aina ya 21700, yaani ile yenye kipenyo cha milimita 21 na urefu wa milimita 70. Swichi iko mkiani. Ukiibonyeza hadi mwisho inalia na kuwasha, na ukiigusa nusu tu inabadilisha mwanga katika ngazi nne. Nimekuwa nayo mwaka mmoja na nusu ndani ya mashua, ninapovusha watu usiku kati ya Shela na mjini Lamu, au ninapotoka kuvua upande wa Manda. Mwanzoni haikuwahi kunikatalia. Tangu kusi lianze kuvuma, nabonyeza, nasikia mlio wa swichi, lakini mwanga hautoki. Nikibonyeza mara ya tatu au ya nne ndipo inawaka, na mara nyingine inawaka kwa mwanga hafifu ilhali niliizima ikiwa kwenye mwanga mkali. Ikiwa kwenye ngazi ya chini inatulia hata saa nzima. Nikiipandisha hadi ngazi ya juu inawaka sekunde moja au mbili, kisha inashuka au inazima kabisa, na nikiipiga kiganjani inarudi. Mashua ikipigwa na wimbi, inaruka kutoka ngazi moja hadi nyingine pasipo mimi kuigusa. Nimeona pia kwamba hali huwa mbaya zaidi karibu na alfajiri kuliko jioni.

Nilianza kwa kuchaji betri mpaka chaja ikaonyesha taa ya kijani, na hali haikubadilika. Nikapangusa ncha za betri kwa kitambaa kikavu. Kisha nikanunua betri nyingine iliyoandikwa mAh 9,900 (kipimo cha chaji inayobeba), nikidhani nimemaliza tatizo, lakini kwa betri hiyo tochi imekuwa mbaya kuliko awali.

Siulizi kwa sababu ya gharama peke yake. Juma lililopita nilikuwa na abiria sita, maji yamekupwa na tumelazimika kupita katikati ya mkondo, na boti ya injini ikatujia bila taa. Nilibonyeza tochi mara tano na haikuwaka. Kilichotuokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni abiria mmoja aliyewasha taa ya simu yake na kuipunga. Tangu siku hiyo siiamini tena, na kifaa usichokiamini baharini ni bora kukiacha nyumbani. Tafadhali nielekezeni nianzie wapi.

FundiWaLangoni:

Waalaykum salaam, Nahodha. Tunamshukuru Mungu kwa usalama wenu. Maelezo yako yamenisaidia sana, hasa pale uliposema kwamba mwanga hafifu unatulia na ule mkali ndio unaokatika, na kwamba wimbi likipiga tochi inaruka ngazi. Dalili hizo mbili zikikutana, mimi huwa sifikirii balbu kwanza. Hufikiria njia ya umeme.

Ifuate njia hiyo pamoja nami. Umeme unatoka upande wa chanya wa betri na kuingia kwenye kibao cha saketi kilicho kichwani, unapita kwenye taa ya LED, kisha unarudi kupitia mwili wenyewe wa tochi, yaani lile bomba la aluminiamu, mpaka kwenye kifuniko cha mkiani, unapita kwenye swichi, unashuka kwenye springi na kuingia upande wa hasi wa betri. Kila mahali ambapo chuma kinagusa chuma kingine, umeme unavuka kivuko, na kivuko kimoja kikiwa kibovu safari nzima inakwama. Watu wengi hutazama upande wa betri na balbu, wakasahau kwamba nusu ya njia iko nyuma, kwenye mkia.

Sasa fanya hesabu ndogo. Tochi ya namna hiyo ikiwa kwenye ngazi ya juu inaweza kuvuta mkondo wa ampea 5. Tuseme kutu imeongeza ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 0.2 mahali pamoja tu. Ampea 5 mara omu 0.2 ni volti 1 nzima iliyopotea njiani. Betri iliyojaa ina volti 4.2, na ikibebeshwa mzigo inashuka kidogo hata ikiwa nzima; ukiondoa volti 1, kinachofika kichwani kinakaribia volti 3 au chini yake. LED nyeupe inahitaji takribani volti 3 ili iwake vizuri, na vibao vingi vya saketi vimepangwa vipunguze mwanga au vizime volti zikishuka kufikia hapo, ili betri isiumie. Kwa hiyo kibao kinadhani betri imekwisha, kumbe betri imejaa. Lakini kwenye ngazi ya chini, ambako mkondo ni kama ampea 0.1, omu zilezile 0.2 zinapoteza volti 0.02 tu, ambazo hazionekani. Ndiyo sababu tochi yako inaonekana nzima kwenye mwanga hafifu.

Kuhusu kuruka ngazi: saketi inatambua kwamba umegusa swichi nusu kwa sababu umeme unakatika kwa nukta moja na kurudi. Haina macho ya kuona kidole chako. Springi ikitetemeka kwa wimbi na kuachia betri kwa muda huohuo mfupi, saketi inaelewa kwamba umeiamuru ibadilishe mwanga.

Kabla hujafungua chochote, fanya jaribio hili ambalo halihitaji hata mita ya kupimia umeme. Fungua kifuniko cha mkiani ukiondoe kabisa, betri ibaki ndani ya bomba. Utaona sehemu bapa ya hasi ya betri, na kuizunguka utaona ukingo wa bomba usio na rangi, unaong'aa au uliofifia. Chukua kipande kifupi cha waya mnene wa shaba, ncha moja uikandamize kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ukingo huo mtupu. Tochi itawaka, kwa kuwa waya umechukua nafasi ya swichi. Usitazame kichwani wakati unajaribu. Rudia mara ishirini, kwenye ngazi ya juu, uhesabu mara ngapi imekataa. Ikiwaka mara zote ishirini, ubovu uko kwenye kifuniko cha mkiani. Ikikataa pia kwa waya, basi ni betri au kichwa. Tuletee hesabu yako.

Jambo moja zaidi la kupima kwa mkono: ukiweza kuiwasha kwenye ngazi ya juu kwa dakika moja, shika mkia. Kichwa kupata moto ni kawaida, lakini mkia ukiwa na moto kuliko katikati ya bomba, kuna kivuko kinachokula umeme hapo. Katika mfano wangu wa omu 0.2, wati 5 zinageuka joto mahali pasipostahili.

MvuviWaFaza:

Nahodha, pole sana. Yangu ilinifanyia hivyohivyo. Nilichukua msasa nikasugua meno yote ya kufungia, ya bomba na ya kifuniko, mpaka weusi wote ukatoka na aluminiamu ikang'aa, kisha nikapaka vaselini nyingi ili chumvi isiingie. Ikawaka vizuri kwa miezi miwili. Jaribu hivyo, hutahitaji kupiga hesabu yoyote.

MwalimuMkomani:

Ndugu yangu wa Faza amesema kwa nia njema, na sehemu ya alilosema ni kweli, lakini naomba Nahodha asifanye hivyo kabla hajasoma haya. Nasomesha fizikia, na jambo hili linanigusa kwa sababu naona vifaa vingi vizuri vikitupwa hapa kwetu ambavyo vilihitaji kusafishwa tu.

Ule weusi wa nje si rangi ya kupaka kama ya mlango. Ni oksidi ya aluminiamu iliyokuzwa kwa umeme juu ya chuma chenyewe kisha ikatiwa rangi, nayo ni ngumu sana, haipitishi umeme, na ndiyo inayokinga aluminiamu isiliwe na chumvi. Mtengenezaji huacha ukingo wa bomba bila ngozi hiyo kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo umeme unapovukia. Ukisugua kila mahali kwa msasa, mwanzoni umeme utapita kwa urahisi, kama ulivyopita kwa miezi miwili ile, lakini umeivua tochi nguo yake, na chumvi italila lile bomba kwenye meno mpaka siku moja kifuniko kikatae kufunguka. Kinachotakiwa kusafishwa ni ukingo mtupu, springi, sehemu ya ndani ya kifuniko inayokutana na ukingo, na ncha mbili za betri. Raba ya kufutia penseli inatosha kwa kazi hiyo, na baada yake upanguse kwa pamba yenye ile alkoholi ya isopropili wanayoitumia mafundi wa simu. Iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri.

Vaselini nayo ina dhara lake. Tochi ikipata moto inayeyuka na kutambaa ndani, mpaka kwenye swichi, na huko inashika vumbi na mchanga. Kwa mtu wa Shela sina haja ya kueleza mchanga. Baadhi ya aina za raba huvimba na kulegea zikikaa ndani ya mafuta ya jamii ya petroli, na ile pete ya raba iliyo kwenye meno ndiyo mlinzi pekee wa maji. Tumia grisi ya silikoni, kidogo sana, kwenye pete ya raba na meno, na usiipake ukingoni wala kwenye springi.

Umeuliza bila kuuliza, Nahodha, pale uliposema kwamba alfajiri hali huwa mbaya zaidi. Chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani. Tone la maji ya bahari likikauka ndani ya kifuniko, linaacha punje usizoziona, na usiku hewa inapokuwa na unyevu mwingi, punje hizo zinalowa tena zenyewe. Hapo metali mbili tofauti zinazogusana, kwa mfano aluminiamu ya bomba na shaba ya kibao cha swichi, zinakuwa kama betri ndogo ndani ya maji ya chumvi, na ile aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe, hiyo ni aluminiamu iliyoliwa. Ukiona kijani, ni shaba. Kwa hiyo kuikausha tochi juani bila kuiosha hakusaidii, maana jua huondoa maji na kuacha chumvi. Kila ukirudi kutoka baharini, tochi ikiwa imefungwa vizuri, ioshe kwa maji matamu kisha uipanguse. Nyinyi wa Shela mmekaa juu ya maji hayo. Mji wote wa Lamu unategemea visima vilivyo chini ya mchanga wenu.

Sasa hiyo betri ya mAh 9,900. Nasema bila kusita kwamba maandishi hayo si ya kweli. Betri nzuri za 21700 unazozipata kwa kawaida ni za mAh 4,000 hadi 5,000, na ndogo zake za 18650 huishia karibu na 3,500. Anayeandika 9,900 anauza karatasi. Ubaya wake si kukaa chaji muda mfupi tu, bali betri hizo huwa na ukinzani mkubwa wa ndani, kwa hiyo ukidai ampea 5 volti zinaporomoka. Ukitaka kuhakikisha, mpelekee sonara akupimie kwenye mizani yake: betri halisi ya 21700 ina uzito wa takribani gramu 70.

BintiMatondoni:

Naongeza kwa ufupi juu ya betri, kwa kuwa kaka yangu aliwahi kuungua paja kwa sababu yake. Aliiweka betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo, funguo zikagusa chanya na mwili wa betri, nao mwili wote wa betri hizi ni hasi. Ni plastiki nyembamba tu inayoufunika. Betri za lithiamu zinaweza kutoa mkondo mkubwa sana kwa ghafla, na kipande cha chuma kikiziunganisha hupata moto mara moja. Nahodha, ukibeba betri ya akiba, itie ndani ya kikasha cha plastiki. Betri ambayo plastiki yake imechanika usiitumie, na ile iliyoingia maji ya bahari usiichaji. Usiziache juani kwenye tezi la mashua mchana kutwa, wala usichaji usiku ukalala.

Nina swali pia. Betri yako ya kwanza, upande wa chanya, ina kichwa kilichoinuka au ni bapa? Baadhi ya tochi zina pete ya plastiki inayozunguka mguso wa chanya ili mtu akiweka betri kinyume isiguse. Betri bapa ndani ya tochi kama hiyo hugusa kwa bahati, na tabia yake ni kama hiyo unayoieleza.

NahodhaWaShela:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimetulia leo mchana na kufanya mlivyoniambia, naandika matokeo.

Binti wa Matondoni, betri yangu ya kwanza ina kichwa kilichoinuka, na nimechungulia ndani ya kichwa cha tochi nikaona hakuna pete ya plastiki. Kuna springi ya rangi ya dhahabu, safi. Ile ya 9,900 ni bapa. Plastiki ya zote mbili ni nzima.

Jaribio la waya: kwa betri ya kwanza, kwenye ngazi ya juu, imewaka mara ishirini kati ya ishirini, na nilipoiacha dakika mbili haikushuka wala kuruka. Nilitikisa bomba huku mwanangu ameshikilia waya, haikukatika. Kwa betri ya 9,900 inawaka pia mara zote, lakini baada ya sekunde chache mwanga unashuka wenyewe. Nimeipitisha kwa sonara kama Mwalimu alivyosema, na mizani imeonyesha gramu 43. Nimeiweka kando. Nilikuwa nimetafuta ubovu mmoja, kumbe nimenunua wa pili kwa pesa zangu, na huo wa pili ulinipotosha kwa majuma matatu.

Nikasafisha ukingo kwa raba na alkoholi. Raba ilitoka nyeusi. Ndani ya kifuniko kuna unga mweupe pembeni, na chini ya springi naona kijani kidogo. Baada ya kusafisha sehemu ninazozifikia, nimefunga na kujaribu swichi mara ishirini: imekataa mara sita. Ni nafuu, kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa ikikataa zaidi ya nusu, lakini haijapona. Niendelee vipi?

FundiWaLangoni:

Umefanya kazi nzuri sana, Nahodha, na kuhesabu kwako kumetupunguzia kubahatisha. Kichwa ni kizima, betri ya kwanza bado ina nguvu, ubovu uko kwenye kifuniko.

Tazama ndani ya kifuniko. Kuizunguka springi kuna pete ya chuma yenye vishimo viwili vinavyotazamana. Pete hiyo ndiyo inayoshikilia kibao cha swichi, na ndiyo pia inayopokea umeme kutoka kwenye mwili wa kifuniko. Ikilegea hata robo ya mzunguko, kibao kinacheza, na kila mtikisiko unakata umeme. Nimefungua vifuniko vingi vya wavuvi, na hiyo pete ndiyo ninayoikuta imelegea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kila kubonyeza swichi kunaisukuma kidogo na mashua haitulii. Watu hununua betri tatu kabla ya kuikaza pete moja.

Tumia koleo lenye ncha nyembamba, au mkasi mdogo wenye ncha kali ukiufungua kiasi cha kuingia kwenye vile vishimo viwili. Jaribu kwanza kukaza, kuelekea saa inavyozunguka, uone kama inasogea; nyingi hufungwa upande huo, lakini chache zina meno ya kinyume, kwa hiyo usitumie nguvu nyingi. Kisha ilegeze, itoe, uondoe springi na kibao na swichi kwa mpangilio, ukipiga picha kila hatua ili ujue namna ya kuvirudisha. Safisha pete, meno yake, na duara la shaba lililo pembeni ya kibao. Kijani kikikataa raba, kikwangue taratibu kwa kijiti cha mianzi.

Ukiwa na mita, iweke kwenye kipimo cha omu, lakini kwanza gusisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe. Mita za bei nafuu hazisomi sifuri hapo, kwa kuwa waya zake zina ukinzani wake, na usipouondoa kwenye hesabu utailaumu swichi isiyo na kosa. Ukishafunga kila kitu, weka ncha moja kwenye springi na nyingine kwenye sehemu ya kifuniko inayokutana na ukingo wa bomba, ubonyeze swichi mara nyingi na kusoma kila mara.

MvuviWaFaza:

Mwalimu, nimesoma na nimeelewa. Nimekwenda kuitazama ile yangu. Meno yameliwa na yana unga mweupe kama ulivyosema, na kifuniko kinafunguka kwa shida. Je, nikiisafisha sasa na kuweka grisi ya silikoni, ngozi ile nyeusi inaweza kurudishwa?

MwalimuMkomani:

Kwa vifaa tulivyonavyo majumbani, ndugu yangu, hapana. Lakini usiitupe. Osha chumvi kwa maji matamu, kausha vizuri, ondoa unga kwa mswaki wa zamani, paka grisi ya silikoni kwenye meno, na uwe unaifungua na kuipaka upya kila mwezi. Aluminiamu isiyo na ngozi inaweza kuishi miaka mingi ikiwa haiachwi na chumvi. Asante kwa kurudi kutueleza ulichokiona.

NahodhaWaShela:

Narudi na habari baada ya siku kumi.

Ile pete ilikuwa imelegea karibu mzunguko mzima. Niliizungusha kwa ncha ya mkasi bila kutumia nguvu. Chini yake kulikuwa na kijani chote kuzunguka kibao, na upande mmoja shaba ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Nilisafisha kwa jioni nzima. Mita yangu ikigusishwa ncha zake inasoma 0.4, baada ya kufunga na kukaza pete, kifuniko kilisoma 0.5, yaani omu 0.1 tu ya kweli. Kabla ya kufungua, kilikuwa kikisoma namba zinazorukaruka kutoka 0.9 hadi 12, na mara nyingine hakisomi kitu.

Hata hivyo, nilipobonyeza swichi mara hamsini, mara tatu ilisoma omu 3 na zaidi. Nikampelekea Fundi dukani kwake Langoni, akaniambia swichi yenyewe imeingia chumvi ndani na haifunguliki, akaiondoa na kulehemu nyingine kwenye kibao kilekile. Akalehemu pia waya mwembamba wa shaba kutoka juu ya springi hadi chini, ili mkondo upite kwenye shaba badala ya kuzunguka kwenye chuma chote cha springi. Sikuwahi kujua kwamba springi yenyewe hula umeme.

Tangu hapo nimeibonyeza mara mia nikihesabu, na haijakataa hata mara moja. Usiku wa kuamkia jana tulivuka kutoka mjini kwa upepo mkali, mawimbi yakipiga ubavuni, na niliiwasha kwenye ngazi ya juu kila tulipokaribia mashua nyingine. Haikuruka wala kushuka. Mkia ulikuwa baridi mkononi.

Nimenunua pia tochi ndogo ya pili, ya betri za kawaida, ikae ndani ya mfuko wa nailoni karibu na usukani. Swali moja limebaki kwa Fundi: baada ya muda gani niifungue tena pete ile kuitazama?

FundiWaLangoni:

Msimu huu wa kusi, kila mwisho wa mwezi ifungue mkiani, upime kwa mkasi kama pete imesogea, upanguse ukingo na springi kwa pamba yenye alkoholi, na uitazame pete ya raba kama ina ufa. Wakati wa kaskazi, bahari ikitulia, hata kila miezi miwili si vibaya. Na ukiona imeanza kuruka ngazi, hata mara moja, usingoje mwisho wa mwezi.